Mchezo Uliowachezesha Wanangu Njia ya Tanga

Mbagala Kizuiani,
Jumatano, baada ya adhuhuri.

Wifi Khulud,

Asalaam aleikum. Salamu hii ni ya dini, na dini hainiruhusu kuibania hata kwako, kwa hiyo ipokee. Shikamoo niliyokuwaga nakupa kila nikiingia sebuleni kwako nimeiacha kwanza. Siku ikirudi utaisikia mwenyewe. Natumai mgongo wako umetulia na usingizi unaupata. Nauliza kwa dhati, maana nataka uisome barua hii ukiwa mzima, umekaa kitini, miwani usoni, usije baadaye ukasema kuna mahali hukuelewa kwa sababu ulikuwa unaumwa. Mie ni mzima. Mama yangu naye hajambo. Nilipomwambia nakuandikia hakunituma salamu, nami sikumlazimisha.

Utajiuliza kwa nini karatasi, zama hizi za simu. Ujumbe wa sauti niliokutumia, ule niliokuwa nalia nikikuomba uniache niongee na wanangu hata kidogo, uliupeleka kwenye kundi la familia. Watu wa Tanga, wa Temeke na wa Muscat wakakaa na chai zao kunisikiliza nikivuta kamasi. Najua karatasi nayo inapigwa picha. Piga ukitaka. Ila isome mpaka mwisho kwanza, halafu uamue kama bado una hamu ya kuisambaza.

Kabla sijakulaumu nikupe haki yako. Ukoo wote unasema una mkono wa watoto, na sio uongo. Mie na ndugu yako Matar kila tukienda Tanga ilikuwa vita. Faraji alianza kuuliza kama tumefika kabla hata hatujamaliza Kibaha. Maisa alimsukuma, yeye akamfinya, Salma akatapika, Matar akapiga kelele na usukani mkononi, na mie nimegeuka nyuma nachapa magoti ya yeyote ninayemfikia. Tulikuwa tukishuka Tanga tumenuna wote watano kama watu waliotoka polisi. Kwa hiyo uliponipigia kwamba harusi ya Thuraya mtoto wa ami yenu tuende pamoja kwenye Noah yako, kwa kuwa Matar ametangulia na wazee, nilifurahi. Nilisema kimoyomoyo, wifi leo kanionea huruma.

Ulikuja kutuchukua Chanika asubuhi, Stephano dereva wako kwenye usukani. Ulishuka, ukaitazama nyumba yetu kuanzia bati mpaka msingi, ukasema tumejenga mbali kama watu wanaojificha. Nikacheka. Nilidhani ni utani wa wifi.

Mie nilikaa mbele kwa sababu ya tumbo langu la safari. Wewe ukakaa katikati, Salma mapajani, Faraji kuliani kwako, Maisa dirishani. Na ule mkoba wako! Visheti, ubuyu, kashata, kalamu za rangi, tableti ya katuni, hata mfuko wa kutapikia uliukumbuka. Uliwagawia watoto rangi za malori: Faraji malori ya bluu, Maisa meupe, Salma mekundu. Salma rangi hazijui, akawa anashangilia kila lori linalopita kuwa ni lake, na wenzake wakamwachia. Kisha mkaanza kutunga hadithi, wewe sentensi moja, kila mtoto moja, mpaka simba akawa fundi cherehani mjini Morogoro. Kisha kubahatisha lori lipi linaenda Zambia na lipi Kongo. Tulifika Chalinze hakuna aliyelia. Niligeuka nikakwambia, "Asante wifi, umenipumzisha." Asante hiyo mpaka leo inaniwasha ulimi.

Baada ya Chalinze nikameza kidonge cha kuzuia kutapika, na kidonge kile kinaleta usingizi. Ninayoandika kuanzia hapa sikuyasikia kwa masikio yangu. Nimeyapata kwa Stephano, ambaye alikuja mwenyewe hapa kwa mama akiwa amekunja kofia mkononi, na mengine kwa Maisa, maneno machache tuliyonong'ona kwenye simu mpaka ukaichukua. Ukitaka kumfukuza Stephano kazi mfukuze. Alishajua hilo alipokuwa anapiga hodi.

Mlipokaribia mto Wami uliwaambia watoto michezo ya kitoto imekwisha, sasa tunacheza mchezo wa wakubwa. Mchezo wa siri. Kila mtu anasema jambo la nyumbani kwao ambalo shangazi halijui. Shangazi akifungua mdomo kwa mshangao, unapata tofi. Shangazi akishika kifua, unapata tableti mpaka kijiji kinachofuata. Salma akaanza, akasema mama anaficha biskuti kwenye ndoo ya mchele. Mkacheka wote. Faraji akasema baba akitoka Tunduma kuleta mzigo wa duka hulala na viatu. Akapata tofi. Ndipo ukauliza, kwa sauti ile ile ya mchezo, kwamba baba akiwa Tunduma, nyumbani hulala nani na nani.

Stephano anasema hapo aliona aibu akaongeza sauti ya redio. Ukamwambia apunguze, huwasikii watoto.

Faraji akakwambia kuna anko mwenye ndevu. Akakwambia anakujaga baba akiwa hayupo, analala chumba cha nje, mama anampikia chapati na maharage, mama anamshika mkono na kumfunga kitambaa, na mama amesema hiyo ni siri ya nyumbani. Ukashika kifua. Mtoto akapewa tableti. Akacheza kidogo, ukamnyang'anya, ukamwambia haya, nyingine. Ana miaka saba, Khulud. Kutoka Mkata mpaka Kabuku ulikuwa unamnyima na kumpa, unamnyima na kumpa, kama mtu anayekamua limau, na kila tone analotoa unaliweka akiba. Anko anavaa nini. Anko anaondoka saa ngapi. Anko akija mama anacheka?

Maisa ulimgeukia ukamuuliza, na wewe je. Akasema hana siri. Ukamwambia mtoto wa miaka kumi asiye na siri atakuwa mjinga au mwongo. Akageukia dirisha. Stephano alimwona kwenye kioo cha ndani, machozi yanamtoka bila sauti, na wewe uliyekaa naye bega kwa bega hukumwona, au ulimwona.

Niliamshwa na makofi uliyokuwa unampigia Faraji tukiingia Segera. Ulinishika bega, ukaninunulia chai na chapati, ukanikalisha kivulini kama mgonjwa wako. Ukasema, "Wanao wana akili sana, Mwanaasha." Nikakushukuru tena.

Kilichotokea Tanga ulikiona, lakini ulikiona ukiwa umekaa upande wa washindi. Acha nikueleze kilivyoonekana kutoka nilipokuwa mie.

Ilikuwa siku ya pili ya harusi, mchana, uani kwa Ami Nasor. Tumemaliza kula. Ulikuwa umetoka kuwasimulia wazee habari za mwanao Hudhaifa aliyeko Uturuki, jinsi theluji ilivyofunika mlango wa hosteli yake na jinsi walimu wanavyomsifu kwa hesabu, na Ami Nasor alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. Kisha ukamwita Faraji. Alikuwa na kanzu mpya na kofia inayomziba macho. Ukamwambia mbele ya wazee, mbele ya baba yake, "Faraji, tucheze ule mchezo wetu wa kwenye gari. Waambie babu zako siri ya anko mwenye ndevu. Ukisema vizuri, tableti ni yako mpaka jioni."

Mwanangu alisimama wima kama anayesoma shairi shuleni. Akasema yote. Kisha akasubiri mtu ashike kifua. Hakuna aliyeshika. Wazee walikuwa wanatazama sahani. Akakutazama wewe, nawe ukamuuliza, "Na nini tena?" Nikaona anatafuta. Nakuapia nilimwona akitafuta kichwani mwake kitu cha kukupa, na hakikuwepo, basi akakitengeneza. Akasema, "Na mama anamwita mpenzi."

Neno hilo amelitoa kwenye tamthilia za jioni. Kwangu halijawahi kusemwa kwa mgeni yeyote. Lakini mtoto alishajifunza kwako kwamba siri kubwa ina zawadi kubwa, na siri zikiisha mtu anatunga, kama mlivyomtunga yule simba. Na ukampa tableti. Nakusifu kwa hilo, ulitimiza ahadi. Alikwenda kukaa kwenye ngazi akacheza katuni huku nyumba yake inaungua nyuma ya mgongo wake.

Matar aliniuliza ni nani. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Nikamjibu kwamba ni mtoto wa watu, ni mtu wa heshima, hakuna chochote cha aibu kilichotokea nyumbani mwetu, lakini siwezi kumtaja hapa, anipe muda. Wewe ukacheka. Ukasema, "Mtoto wa watu!" ukawageukia wake wa ami zako ukawaambia hivi ndivyo tunavyolelewa huko Mbagala, tunazaa na huyu huku tunamlisha yule. Wakajifunika midomo kwa mitandio. Mie nimekaa katika ukoo wenu tangu kabla Maisa hajazaliwa, nimewaosha wagonjwa wenu, nimemfunga sanda bibi yenu kwa mikono hii. Hakuna hata mmoja aliyesema hapana.

Maisa alisimama. Alikuwa kwenye mlango wa jiko na birika la kahawa, akaliweka chini, akafungua mdomo. Nilimtikisia kichwa. Akaufunga. Nitakueleza sababu, lakini nataka kwanza ujue kwamba mtoto wa miaka kumi alikuwa na neno moja tu ambalo lingemwokoa mama yake, na lingekuangusha wewe chini puu mbele ya wote waliokuwa wanakusikiliza, na akalimeza kwa sababu aliahidi. Nami nilikuwa nalo hilo hilo. Nilikutazama ukicheka nikalisikia limefika kwenye meno. Sikulimeza kwa ajili yako.

Nikarudi Dar peke yangu kwa basi. Matar aliniambia niende kwa mama yangu mpaka nitakapokuwa tayari kumtaja mtu huyo. Watoto wakapanda Noah yako kwenda kwako Goba, kwa sababu wewe ndiye mwenye mkono wa watoto.

Unadhani sijui yanayoendelea kwako. Najua. Jesca msichana wako wa kazi ana roho, na simu yake ina salio. Najua Salma umemwambia mama kasafiri, na kila gari likipiga honi getini anakimbilia mlangoni. Najua Maisa hajajibu neno tangu mtoke Tanga ila "sijui," na kwamba mezani bado unawauliza maswali, eti mchezo. Najua Faraji ameanza kukojoa kitandani, mtoto aliyeacha kukojoa akiwa mdogo kuliko Salma. Na Jesca ameniambia kwamba wiki iliyopita wakati wa chakula Faraji aliweka kijiko chini akakuuliza, "Shangazi, nikikwambia siri nyingine, mama atarudi?"

Ulimjibu nini? Jesca anasema ulimwambia ale wali wake.

Kwa muda nilikuwa nalala na swali hilo na kuamka nalo. Nilikuwa nimeanza kujiambia ahadi nitaivunja, dhambi nitaibeba, mradi wanangu warudi. Nilikuwa nampigia simu yule niliyemwahidi, simu haipatikani. Baadaye nikajua iliibiwa Kurasini, anakofanya kibarua cha kufunga na kufungua makontena kwenye malori. Hakuwa na habari ya lolote. Juzi akaenda Chanika kama kawaida yake ili nimtazame kidonda, akakuta kufuli getini. Jirani yetu Polikarpo, anayefuga kuku, akamwambia kila kitu, kwa sababu pale mtaani kila kitu kinajulikana: mke wa Matar kafukuzwa kwa ajili ya mwanaume mwenye ndevu anayekuja mume akisafiri. Polikarpo alimwambia hayo huku anamtazama ndevu zake.

Hakukaa hata kunywa maji. Alipanda gari moja kwa moja mpaka Tandika, akaingia dukani kwa Matar, wateja wamejaa, akasimama mbele ya kaunta. Akasema, "Mjomba, ni mimi."

Sasa, Khulud, kama ulikuwa umesimama, kaa.

Anko mwenye ndevu ni mwanao. Ni Hudhaifa.

Nimeiweka sentensi hiyo huku chini makusudi. Najua umeisubiri miaka mitatu. Najua ukisikia mlio wa pikipiki getini moyo unakuruka, Jesca ameniambia hilo pia. Ningeweza kuanza nayo. Lakini ungeishia pale pale, ungeiangusha karatasi na kupiga kelele, na yaliyowapata wanangu usingeyasoma kamwe. Basi nimekufanya uyasome kwanza.

Hakuna Uturuki. Mie nalijua hilo, na wewe ulilijua siku zote. Mtoto alifeli mwaka wa pili wa chuo akaogopa kusema, ulipogundua ukamtolea mabegi nje ya geti majirani wanatazama, ukamwambia asirudi bila cheti. Akakutii. Ukakaa ukisubiri arudi akulilie, hakurudi, na watu walipoanza kuuliza ukampandisha ndege kwa mdomo wako. Ile theluji sijui uliitoa wapi. Mwanao alikuwa analala Kurasini, upande wa pili wa jiji hili hili, kwenye chumba cha watu wanne.

Alikuja kwangu mwaka huu, mvua inanyesha, mkono umefungwa kwa fulana. Kontena lilikuwa limembana vidole viwili. Hospitali walivikata, kazini wakamwambia apumzike bila kumwambia ale nini. Alikuja Chanika kwa sababu ni mbali, kule hakuna mtu wa ukoo wenu anayepita. Alisema alikuwa ameshageuka nyuma mara nyingi njiani. Nilimfungua ile fulana nikaona pale palipokuwa na vidole, nikakaa chini sakafuni. Ni mtoto niliyemkuta ana meno ya utoto nilipoolewa.

Kabla hajala aliniwekea Msahafu mbele. Aliniomba nisimwambie mtu, na hasa Matar, kwa sababu Matar hajawahi kukuficha kitu maisha yake yote. Angekupigia simu kabla chai haijapoa. Alisema akisikia tu kwamba umejua alipo, anapanda lori la Kongo na hataonekana tena. Macho yake hayakuwa ya mtu anayetishia. Alikuwa ananieleza tu. Niliapa. Mama yangu alikuwa kwangu siku hizo, na kila Hudhaifa alipokuja tena nilihakikisha mama yupo. Alilala chumba cha nje chenye mlango wake, na hakuna hata usiku mmoja uliopita nyumbani mwangu ambao siwezi kuusimulia mbele ya Kaaba. Maisa alimtambua papo hapo, mapema kuliko mie. Akamwita kaka Hudhaifa, akamletea taulo, akaahidi naye. Faraji alikuwa mdogo mno alipoondoka. Kwake ni anko tu, anko anayemtengenezea gari la waya kwa mkono mmoja.

Hicho ndicho ulichokikamua kutoka kwa mtoto kwa tofi. Ulikuwa unauliza habari za mwanao. Ulishika kifua kwa ajili ya mwanao. Ulicheka uani kwa Ami Nasor, ukasema "Mtoto wa watu!" na mtu mwenyewe ni damu yako.

Matar alifunga duka akaja naye hapa Mbagala. Alikaa kwenye kiti cha plastiki barazani kwa mama, uso kwenye viganja, na Hudhaifa ndiye aliyekuwa anaeleza kama kwamba kosa ni lake. Matar alipoinua uso aliniomba msamaha. Nilimwambia msamaha una foleni yake na yeye yuko nyuma sana, kwanza watoto. Alitaka akupigie pale pale. Nikamwambia hapana. Nikamwambia habari hii atakupa mwanamke uliyemtukana, kwa maneno yake, na yeye kazi yake ni kuibeba.

Kwa hiyo aliyekukabidhi bahasha hii ni ndugu yako, na yuko hapo sebuleni, na amekataa kukwambia kilichomo. Amesimama kwa sababu nimemwomba asikae. Ukimaliza kusoma, watoto watafunga mabegi. Jesca ameshaanza. Usiwape pipi za njiani. Usiwaulize kitu. Kama unataka kumwambia Faraji neno, mwambie hajafanya kosa lolote, na useme ukiwa umepiga magoti ili akuone macho. Kama huwezi hilo, kaa kimya, mtoto apite.

Jambo la mwisho. Jina langu ulilichafua mbele ya Ami Nasor na wake wa ami zako, na kwenye kundi la simu lenye watu mpaka Muscat. Utalisafisha mahali pale pale, mdomo ule ule. Huwezi kulisafisha bila kumtaja mgeni wangu, na huwezi kumtaja bila kuwaambia kuhusu Uturuki. Hilo sikulipanga mie, ni nyumba uliyoijenga mwenyewe. Unayo mpaka Ijumaa. Ukikaa kimya, Matar atasema baada ya swala, na yeye hana ufundi wako wa maneno, atasema vibaya.

Utataka kujua Hudhaifa yuko wapi. Sitakwambia, na Matar ameahidi hatasema, na safari hii amejua ahadi ni nini. Chanika hayupo. Usimtume Stephano kumzungukia kwenye yadi za Kurasini. Amesema hajakasirika, amechoka tu, na kwamba kama kuna siku atakuja, atakuja kwa miguu yake.

Jana nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza kama ana neno. Alikoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Mwambie mkono unapona. Mwambie nakula."

Salamu zangu ziishie kwa Jesca, na kwa Stephano kama bado yupo kazini. Nakutakia afya njema, maana utaihitaji siku utakaposimama kusema. Hayo maneno mawili ya Hudhaifa nimeyaandika kama alivyoyatamka, sikuongeza wala kupunguza. Ingekuwa ni mie, nisingekutumia hata hayo.

Ni mie,
Mwanaasha binti Faraji,
mama yake Maisa, Faraji na Salma.